Sharti la Mhandisi: Maisha ya Kitaaluma ya Ingrid Daubechies

Hotuba kwa wanafunzi wa hisabati na uhandisi, Siku ya Kimataifa ya Hisabati

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza, na ninyi wanafunzi ambao kwa kweli ndio niliowafuata hapa: shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote habari za asubuhi.

Waandaaji waliniomba nieleze mwanahisabati anafanya nini maisha yake yote. Ningeweza kuwapitisha haraka kwenye majina makubwa kumi, kila moja na nadharia yake, mkapiga makofi tukaenda kunywa chai. Nimeona afadhali nimchukue mtu mmoja, niende naye polepole. Anaitwa Ingrid Daubechies. Ni Mbelgiji kwa kuzaliwa, amefanya kazi Marekani kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na mwaka 2023 alipata Tuzo ya Wolf ya hisabati, tuzo iliyoanza kutolewa mwaka 1978 na ambayo kabla yake haikuwahi kumfikia mwanamke yeyote. Fani yake ni uchanganuzi wa hamoniki wa kimatumizi, yaani elimu ya kuvunja sauti, picha na mitetemo katika vipande sahili na kuvijenga upya.

Nimemchagua kwa sababu ambayo nitaisema wazi tangu sasa. Kwenye vyuo vyetu mwanafunzi wa hisabati na mwanafunzi wa uhandisi wanapishana ukumbini bila kusalimiana. Wa kwanza anaamini kwamba masharti ya kazi, gharama, muda wa kompyuta, ukubwa wa kumbukumbu, ni uchafu unaoharibu nadharia. Wa pili anaamini kwamba nadharia ni anasa. Daubechies alichukua sharti gumu la mhandisi, akakataa kulilegeza, akalifanya swali la hisabati. Jibu alilopata ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyogunduliwa katika karne ya 20. Nataka mwone jinsi lilivyotokea.

Tuanze nyuma kidogo. Joseph Fourier alikuwa Mfaransa aliyefuatana na msafara wa Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, akawa katibu wa Taasisi ya Misri pale Kairo. Aliporudi kwao akaanza kuchunguza jinsi joto linavyosambaa ndani ya vitu, na mwaka 1807 akawasilisha mjini Paris dai lililowashtua wakubwa wa enzi zake: mchoro wowote, hata wenye kona na mikatiko, unaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi ya saini na kosaini. Ilichukua zaidi ya karne moja kulinyoosha dai hilo likakaa sawasawa, na kazi hiyo ya kulinyoosha ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya hisabati ya kisasa. Lakini kwa matumizi lina kasoro. Chukueni rekodi ya taarabu ya dakika sita. Mbinu ya Fourier itawaambia ni sauti zipi zimo na kila moja ina nguvu kiasi gani. Kwamba ala ya kanuni iliingia lini, kwamba mwimbaji alinyamaza lini na fidla zikapokea, hilo halisomeki. Habari haijapotea, imo humo humo kwenye namba, ila imetawanyika katika namba zote kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuiona. Wimbi la saini halina mwanzo wala mwisho, kwa hiyo halijui kitu kinachoitwa sasa hivi.

Dennis Gabor alipendekeza dawa mwaka 1946: ikate ishara katika vidirisha vifupi vya muda, kisha uchambue kila kidirisha peke yake. Ni dawa nzuri, na hadi leo inatumika. Tatizo ni kwamba kidirisha kina upana mmoja. Kikiwa kipana, mlio mfupi unapotelea ndani yake; kikiwa chembamba, sauti nzito haipati nafasi hata ya kutetema mara moja.

Aliyekwama hasa kwenye tatizo hilo alikuwa mtu wa mafuta. Jean Morlet alikuwa mtaalamu wa jiofizikia katika kampuni ya Elf Aquitaine ya Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kutuma mitetemo ardhini na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye matabaka ya miamba, ili kukisia mafuta yalipo. Tabaka jembamba hurudisha mwangwi mfupi mkali, tabaka nene hurudisha mwangwi mzito wa polepole, na vyote viwili huja vimechanganyika. Morlet akaacha kukata vidirisha. Akachukua wimbi moja dogo, linaloanza, linatikisika kidogo na kwisha, akalivuta ili lipime mambo ya polepole na akalibana ili lipime mambo ya haraka. Hivyo ndivyo viwimbi vilivyoingia kazini. Alipotaka kujua kama hesabu yake ina msingi, alimwendea Alex Grossmann, mwanafizikia wa nadharia huko Marseille, na mwaka 1984 wakachapisha pamoja makala iliyoonyesha kwamba ishara inaweza kuvunjwa kwa viwimbi na kurudishwa nzima. Grossmann aliitambua hesabu ile kwa sababu ilifanana na kitu alichokuwa akikitumia katika fizikia ya kwanta.

Na hapa ndipo Ingrid anapoingia, kwa sababu alikuwa amekwisha kufanya kazi na Grossmann.

Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1954 huko Houthalen, katika eneo la machimbo ya makaa ya mawe la Ubelgiji. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi. Mwenyewe amesimulia kwamba akiwa mtoto, usingizi ukikawia, alikuwa akihesabu kichwani mafungu ya mbili, 2, 4, 8, 16, akishangaa yanavyokua upesi. Na alipenda kuwashonea wanasesere nguo, kwa sababu vipande vya kitambaa ambavyo ni bapa, ukiviunganisha vizuri, vinafuata umbo la mviringo. Wazazi mliopo hapa, mkimkuta binti yenu anashona nguo ya mwanasesere, msidhani moja kwa moja kwamba ameacha masomo. Alisoma fizikia, siyo hisabati, katika chuo kikuu cha Vrije Universiteit Brussel, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1980 kwa kazi kuhusu fizikia ya kwanta. Mwaka 1984 alipewa Tuzo ya Louis Empain, ambayo Ubelgiji humpa mwanasayansi kijana kwa kazi aliyoifanya kabla ya umri wa miaka 29. Kwa maneno mengine, alikuwa na kazi ya kudumu, jina zuri na njia iliyonyooka katika fizikia. Akaiacha njia hiyo kufuata viwimbi.

Mtu mwingine aliyevifuata alikuwa Yves Meyer, mwanahisabati mzaliwa wa Paris aliyekulia Tunis. Alikuwa akisubiri zamu kwenye mashine ya fotokopi katika chuo cha École Polytechnique pale mwenzake mmoja mwanafizikia alipomwonyesha makala ya Grossmann na Morlet. Meyer alikuwa bingwa wa uchanganuzi wa hamoniki, na aliitambua ile fomula: ilikuwa imekwisha kujulikana katika fani yake kwa miaka mingi, ikitumika kwa shughuli nyingine kabisa. Mtu mwingine angesema haya tulishayajua, akachukua karatasi zake akaondoka. Meyer alipanda treni kwenda Marseille. Mimi naona kupanda treni ile ni tendo la kisayansi sawasawa na kuthibitisha nadharia. Mwaka 1986 Daubechies, Grossmann na Meyer wakatoa makala pamoja.

Sasa naomba mchukue kalamu, maana nikiendelea na hadithi bila hesabu nitakuwa nawadanganya. Tuseme hiki ni kipande cha mstari mmoja wa picha, mwangaza wa pikseli nane zilizofuatana:

82, 80, 84, 86, 20, 22, 24, 22.

Zichukueni mbili mbili. Kwa kila jozi andikeni wastani, kisha andikeni namba ya kwanza imeuzidi wastani kwa kiasi gani. Wastani ni 81, 85, 21, 23. Tofauti ni 1, −1, −1, 1. Rudieni kwa zile wastani nne: mnapata 83 na 22, na tofauti −2 na −1. Rudieni tena: wastani ni 52.5 na tofauti ni 30.5. Sasa namba zenu nane zimegeuka kuwa hizi: 52.5, 30.5, −2, −1, 1, −1, −1, 1. Hakuna kilichopotea, mnaweza kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi mwanzo. Lakini tazameni: namba mbili zimebeba karibu kila kitu na sita ni makombo. Futeni hayo makombo, muweke sifuri, kisha rudini nyuma. Mtapata 83 mara nne na 22 mara nne. Jicho la mtu kwenye picha halitagundua tofauti, na mmehifadhi namba mbili badala ya nane. Huo ndio mbano wa picha.

Hesabu hiyo ni ya Alfréd Haar, Mhungaria, na ilikuwemo katika tasnifu yake ya mwaka 1909. Kwa hiyo viwimbi ni vya zamani. Ila kiwimbi cha Haar ni cha ngazi: kinapanda ghafla, kinashuka ghafla. Mkikipa namba zinazopanda taratibu, 1, 2, 3, 4, kama anga linalobadilika rangi kuelekea jioni, kinatoa tofauti kila mahali, na picha mliyoibana inatoka na vibao vibao. Swali la miaka ya 1980 lilikuwa hili: je, kuna kiwimbi laini, kisicho na ngazi, ambacho nakala zake zilizovutwa na kusogezwa haziingiliani, yaani kila nakala inabeba habari yake bila kurudia ya mwenzake, kama kwa Haar? Meyer alijaribu kuthibitisha kwamba hakipo, na katika kuthibitisha akakipata. Kilikuwa laini mno. Lakini mikia yake ilienda mbali bila kikomo pande zote mbili.

Wakati huohuo kijana mmoja Mfaransa aliyekuwa akisomea uzamivu Marekani katika uonaji wa kompyuta, Stéphane Mallat, aligundua kwamba kile Meyer anachofanya na kile wahandisi wa picha wanachofanya kwa machujio ni kitu kimoja. Mwaka 1986 alikutana na Meyer Chicago, wakafunga mlango wa ofisi siku tatu, na kilichotoka humo ni mfumo unaoitwa uchanganuzi wa ngazi nyingi za ukaribu: tazama picha kwa mbali, kisha sogea hatua moja uone umepata nini kipya, kisha hatua nyingine. Kila hatua ni chujio, orodha ya namba unazozidisha na kujumlisha kama tulivyofanya sasa hivi.

Na hapa ndipo sharti la mhandisi linapojitokeza. Kiwimbi cha Meyer kina mikia isiyokwisha, kwa hiyo chujio lake lina namba zisizokwisha. Kompyuta haina uwezo wa kuzidisha namba zisizokwisha. Wengi waliona jibu ni rahisi: kata mikia, chukua namba za kwanza, kosa litakuwa dogo. Na kwa kweli lingekuwa dogo. Lakini ukishakata, ile sifa ya kurudisha ishara nzima bila dosari inakuwa karibu kweli, na hisabati haina karibu kweli. Daubechies hakutaka kukata. Alitaka chujio ambalo tangu mwanzo lina namba chache tu, na ambalo linarudisha kila kitu kikamilifu, na ambalo kiwimbi chake ni laini. Yote matatu kwa pamoja.

Akageuza swali. Waliomtangulia walianza na kiwimbi kizuri wakatafuta chujio lake. Yeye alianza na chujio: andika namba chache, weka masharti ambayo lazima zitimize, kisha uone kama kuna kiwimbi kinachozaliwa nazo. Mwanzoni mwa 1987 alikuwa amepata. Mfano mdogo kabisa baada ya Haar una namba nne:

(1+√3)/4, (3+√3)/4, (3−√3)/4, (1−√3)/4.

Kwa desimali ni kama 0.683, 1.183, 0.317 na −0.183. Zijumlisheni, mtapata 2. Zidisheni ya kwanza kwa ya tatu, ya pili kwa ya nne, mjumlishe: sifuri. Hilo ndilo sharti la kutoingiliana. Sasa zigeuzeni ziwe chujio la tofauti, kwa kuzipanga kinyumenyume na kubadili alama moja moja: −0.183, −0.317, 1.183, −0.683. Pitisheni juu ya 1, 2, 3, 4. Mtapata sifuri, na kwa √3 yenyewe ni sifuri kamili, siyo ya kukadiria. Lile anga la jioni lililomshinda Haar, namba hizi nne zinalipita bila kuacha kombo. Na ukitaka kulainisha zaidi, unatumia namba sita, nane, kumi, na kuendelea. Kuna familia nzima isiyo na mwisho, na kila mmoja ndani yake ana namba zenye kikomo.

Kiwimbi kinachozaliwa na zile nne kina sura ya ajabu. Kina mteremko kama mwamba wenye meno, na hakuna fomula ya kawaida inayokieleza. Unakichora kwa kurudia chujio lile lile tena na tena mpaka mchoro utulie. Kwa miaka mia mbili tulizoea kwamba fankisheni muhimu ni ile yenye jina na fomula: saini, kosaini, logi. Daubechies aliwapa wanahisabati fankisheni ambayo fomula yake ni utaratibu wa kuihesabu, na kompyuta haijali hata kidogo kwamba haina jina. Makala yake ilitoka mwaka 1988, kurasa 88, na inasomeka hadi leo.

Lazima niwatendee haki wahandisi. Machujio yanayogawa sauti mara mbili na kuirudisha yalikuwepo tangu miaka ya 1970 katika kazi za simu, na mengine yaliyorudisha kila kitu kikamilifu yalichapishwa miaka michache kabla ya makala ile. Ambacho hawakuwa nacho ni sababu ya kutofautisha chujio zuri na baya pale linaporudiwa mara nyingi. Machujio mengine, ukiyarudia, yanalipuka na kuwa vurugu. Yeye ndiye aliyeonyesha ni masharti gani yanahakikisha kwamba marudio yatatua kwenye kitu laini. Mhandisi alikuwa na zana, mwanahisabati akampa sababu ya kuiamini.

Mwaka huohuo wa 1987 aliolewa na Robert Calderbank, mwanahisabati Mwingereza, na akajiunga na AT&T Bell Laboratories, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu, huko Murray Hill, New Jersey. Wengi wenu mnajua Bell kwa transista ya mwaka 1947 na kwa nadharia ya habari ya Claude Shannon ya mwaka 1948. Kwa mtu kama Daubechies palikuwa shule. Chumba cha jirani kuna mtu wa simu, cha pili kuna mtu wa picha, na kila mmoja ana lalamiko.

Lalamiko moja lilikuwa la ulinganifu. Viwimbi vyake vya 1988 vimeinama upande mmoja. Kwenye picha hilo linasumbua, kwa sababu jicho la binadamu linasamehe makosa yaliyo sawa pande zote mbili za ukingo kuliko yaliyoegemea upande mmoja. Naye alikuwa ameshathibitisha kwamba ukitaka namba chache, kutoingiliana, na ulinganifu, kinabaki Haar peke yake. Basi, kwa mara nyingine, sharti la mtumiaji likawa swali: tulegeze lipi? Pamoja na Albert Cohen na Jean-Christophe Feauveau, katika makala ya mwaka 1992, walilegeza kutoingiliana. Wakatumia familia mbili za viwimbi, moja ya kuvunja na moja ya kujenga, kila moja linganifu, na zikishirikiana zinarudisha kila kitu.

Jozi moja kati ya hizo, yenye chujio la namba 9 na lingine la namba 7, imekwenda mbali kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilikuwa na takriban kadi milioni 30 za alama za vidole kwenye makabati. Kadi moja ikisomwa kwa kina kinachohitajika inachukua kama megabaiti 10. Zidisheni wenyewe, kisha mkumbuke kwamba tunazungumzia diski za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mbano wa kawaida wa picha, JPEG, ulikata picha katika vibao vya pikseli 8 kwa 8, na ukibana sana mipaka ya vibao ilionekana. Alama ya kidole ni mistari, na mtaalamu wa mahakamani anatazama mahali mstari unapokatika au kugawanyika. Ukimwekea mpaka wa kibao pale, umemwekea ushahidi wa uongo. Mwaka 1993 FBI ilikubali kiwango kinachotumia viwimbi vya 9 na 7, kikibana faili kwa kiasi cha mara 15, na bado kinatumika kubadilishana alama za vidole kati ya mifumo. Jozi hiyohiyo imo katika JPEG 2000, na JPEG 2000 ndiyo inayobeba filamu za sinema za kidijitali. Ukikaa katika jumba la sinema la kidijitali Dar es Salaam au Nairobi, picha iliyo mbele yako imepita kwenye hesabu hiyo.

Nisije nikawapotosha: picha nyingi za simu zenu hazitumii viwimbi. Zinatumia ile JPEG ya zamani, ambayo msingi wake ni mageuzi ya kosaini aliyoyatoa Nasir Ahmed na wenzake mwaka 1974. Viwimbi havikushinda kila mahali, na havikuhitaji kushinda kila mahali.

Mwaka 1994 Daubechies alikwenda Princeton, akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili wa hisabati katika chuo kile. Mwaka 2011 akahamia Duke, North Carolina. Ningeweza kutaja tuzo nyingine nyingi, lakini napenda zaidi kuwaeleza alichofanya na uhuru aliopata. Akaanza kujibu maswali ya watu ambao hawakuwa na sababu ya kumjua mwanahisabati. Wanabiolojia wanaolinganisha maumbo ya meno na mifupa ya wanyama. Wahifadhi wa michoro ya kale.

Huyu wa mwisho ananigusa. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo huko Ghent, nchini kwao, kuna mchoro mkubwa wa madhabahu wa ndugu wawili, Hubert na Jan van Eyck, uliokamilika mwaka 1432. Baadhi ya mbao zake zimechorwa pande zote mbili, kwa hiyo ukizipiga eksirei picha mbili zinatokea moja juu ya nyingine, na mhifadhi hawezi kujua ufa huu ni wa upande upi. Daubechies na wenzake walitengeneza mbinu za kuzitenganisha picha hizo, na nyingine za kuzitambua nyufa kwenye rangi na kuzijaza katika kompyuta, bila kugusa mchoro wenyewe. Kwenye ubao mmoja kuna kitabu kilichofunguliwa, na maandishi yake yalikuwa yamechanganyika na nyufa. Nyufa zilipoondolewa kwenye picha, herufi zikaanza kusomeka. Ufa ni mwembamba, mkali, wa ghafla. Herufi ya brashi ni nene kidogo na laini. Kutenganisha mambo ya haraka na ya polepole mahali palepale: ni tatizo lilelile la Morlet na miamba yake.

Kuna tukio jingine ambalo sitaki kuliacha. Tarehe 14 Septemba 2015 vifaa vya LIGO nchini Marekani vilinasa mtikisiko wa sehemu ya tano ya sekunde, uliopanda kutoka masafa ya kama hezi 35 hadi 250. Yalikuwa mawimbi ya mvutano kutoka mashimo meusi mawili yaliyogongana umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni moja. Programu iliyoitambua ishara hiyo ndani ya dakika 3 haikuwa inajua sura ya kutafuta. Ilikuwa inavunja mtetemo katika vipande vya muda na masafa, kwa msingi wa hisabati unaobeba majina ya Wilson, Daubechies na Meyer. Mlio mfupi unaobadilika haraka ndani ya kelele nyingi: Fourier peke yake asingeuona.

Kuanzia 2011 hadi 2014 Daubechies alikuwa rais wa Umoja wa Kimataifa wa Hisabati, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, na kwa nafasi yake aliongoza kamati ya Medali ya Fields, mojawapo ya tuzo kubwa kabisa za hisabati. Katika kongamano la Seoul, Agosti 2014, medali hiyo ilikwenda kwa mara ya kwanza kwa mwanamke, Maryam Mirzakhani wa Iran. Mabinti mliokaa huku nyuma, nawaona. Sogeeni mbele, viti vipo.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni aanzie wapi. Nitamjibu mbele ya wote. Anza na aljebra ya mstari, na uijue mpaka uweze kueleza maana ya vekta mbili kutoingiliana bila kufungua daftari. Fuata na mfululizo wa Fourier. Usiruke. Kisha chukua picha yoyote uliyoipiga mwenyewe, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, uandike programu fupi ya Haar kama tulivyofanya hapa, ufute makombo, uone inavyobaki. Halafu badilisha Haar kwa zile namba nne, na uangalie kwa macho yako anga linavyotulia. Baada ya hapo kitabu chake cha mwaka 1992, Ten Lectures on Wavelets, hakitakutisha. Kilizaliwa kutokana na mihadhara na kinasomeka kama mtu anayezungumza nawe. Na ukikwama kwenye hesabu, usiende kwa mwanahisabati mwenzako tu. Nenda idara ya uhandisi, nenda hospitali penye mashine ya MRI, nenda kwa watu wa tetemeko la ardhi, uwaulize wanakwama wapi, na uandike sharti lao neno kwa neno bila kulilainisha.

Mimi nakomea hapa, tuna nusu saa ya maswali. Zile namba nne ziko ubaoni. Anayetaka kujua √3 imetokea wapi, aulize wa kwanza, maana inapatikana kwa milinganyo michache tu na chaki ninayo.